Barua Zilizofukizwa

3 Februari

Kwa Fundi wa Karatasi,
Makumbusho, Chumba cha Chini

Salamu.

Nimesikia redioni kwamba mnapokea barua za zamani. Haya, hizi hapa. Ziko tisa ndani ya kopo la biskuti, na kopo nalitaka lirudi, maana ndilo ninalowekea vifungo na sindano.

Barua hizi aliandika mama yangu kwa mama yake, yaani bibi yangu aliyenilea. Nimezikuta chini kabisa ya sanduku la bibi, paa lilipovuja ikabidi kila kitu kitolewe nje. Kabla hujauliza: ndiyo, nimezisoma zote, na hazina kitu. Nilitaka kuzichoma. Nikawasha kiberiti, mkono ukakataa. Miaka arobaini na mmoja nimezalisha watoto wa watu kwa mkono huu na haukuwahi kunikatalia kazi. Nikaona bora nikupe wewe, usiyenijua wala nisiyekujua.

Zimeshikana kwa unyevu. Usizivute kwa nguvu. Sijui kwa nini namfundisha kinyozi kunyoa.

Wala usiniandikie kuniuliza habari za huyo mama. Aliondoka nikiwa na miaka mitano, basi.

Mkunga mstaafu,
nyumba ya kona, mkabala na duka la rangi

*

14 Februari

Shikamoo Mama Mkunga,

Kopo limefika salama. Ndani yake nilikuta pia vifungo viwili na uzi mweusi, nimekuwekea kwenye bahasha, usije ukasema makumbusho wana mikono mirefu.

Barua nazilaza kati ya vitambaa vyenye unyevu kidogo, kisha nazitenganisha kwa kisu cha mfupa, polepole, moja baada ya moja. Mbili za chini zimeshaachana na nyingine. Zote mbili zilikuwa na mipasuo miwili, urefu wa pingili ya kidole, imepita mikunjo yote. Nadhani kuna mtu alizifungua kwa kisu bila subira. Zilikuwa pia na madoa ya manjano. Madoa nimeyaosha. Mipasuo nimeiziba kwa karatasi nyembamba na gundi ya wanga, na mkuu wangu alipopitisha kidole hakujua ilipokuwa. Sijisifu, Mama. Basi, najisifu kidogo.

Umenikataza kuuliza, lakini lazima niandike kikaratasi cha maelezo. Barua ya kwanza ina maneno machache tu: "Mama, nimefika. Usinifuate. Mtoto asijue." Alifika wapi?

Na jingine dogo. Zinanuka kama kiberiti kilichozimwa sasa hivi. Bibi yako alikuwa akiweka viberiti sandukuni?

Fundi wa Karatasi

*

20 Februari

Marahaba.

Nilikukataza kuuliza, ukauliza, tena mara mbili. Ninyi mnaofanya kazi chini ya ardhi mnaacha masikio mlangoni?

Andika hivi kwenye kikaratasi chako: alifika kwa dereva wa lori. Ndivyo ilivyokuwa. Mama yangu alikuwa dobi wa hospitali, akapata dereva, akapanda, akaenda. Hilo silikisii, bibi alilitangaza mwenyewe kisimani, sokoni, mbele ya kanisa, kila penye masikio mawili. "Binti yangu kafuata magurudumu!" Mtaa mzima ulijua. Shuleni kulikuwa na mvulana ambaye kila nikipita alinipigia honi kwa mdomo, pii-pii, darasa zima linaanguka kwa kicheko. Mwandike na huyo, kama kikaratasi kina nafasi.

Kuhusu harufu, ni kweli, sanduku lile lilinuka hivyo tangu utoto wangu. Nilikatazwa kulisogelea, nikadhani bibi ameficha viberiti.

Bibi hakuwa mtu mbaya, alinilisha na kunisomesha. Lakini alikuwa na mambo yake. Mama alipoondoka tu, kila Jumapili alinivalisha gauni la njano na viatu vilivyonibana, akanipeleka barabara ya nyuma ya hospitali, kwenye ukuta mrefu. Tunasimama ng'ambo ya barabara, juani. Hakuna duka, hakuna mtu, ni ukuta tu, na huko ndani paa la zege lililoanikwa mashuka. Nalia miguu inauma. Bibi anasema, "Simama wima, inua uso." Namuuliza tunamwangalia nani. "Hakuna. Inua uso." Kisha tunarudi. Jumapili saba au nane hivi, halafu ikaisha. Nilipokua nikaelewa kwamba ilikuwa adhabu, kwa sababu sura yangu ilikuwa ya mama.

Nilichagua ukunga ili niwaone akina mama wanaokaa. Hilo usiliandike.

Mkunga

*

4 Machi

Shikamoo Mama,

Barua hii nimeianza mara tatu. Naomba uisome ukiwa umekaa.

Jana barua ya nne imeachana na ya tano. Haikutoka kwa dereva yeyote. Iliandikwa ndani ya nyumba ya karantini, wakati wa ndui. Karantini hiyo ilikuwa nyuma ya hospitali, Mama. Ni huko kwenye ule ukuta mrefu.

Uliniambia umezisoma zote. Sipendi kumwambia hivi mtu aliyekula chumvi nyingi kuliko mimi, lakini sidhani kwamba ulizisoma. Na sitaki kukuandikia yaliyomo kabla hujaniruhusu, kwa kuwa ni yako.

Ila muda ni mfupi. Ua wa ile karantini unachimbwa kujengwa wodi mpya. Makaburi yaliyomo yana mawe yenye namba tu, hayana majina. Wenye ndugu zao wanatakiwa wafike ofisi ya makaburi na hati kabla ya tarehe 20 Aprili. Wasiodaiwa watazikwa pamoja kwenye shimo moja, na jiwe moja juu.

Nasubiri neno lako.

Fundi

*

9 Machi

Wewe Fundi Gundi,

Nani amekutuma? Nina miaka sabini na saba. Miaka sabini na miwili kati ya hiyo nimejua mama yangu yuko wapi: yuko kwa dereva wa lori, kazaa watoto wengine wazuri kuliko mimi, kazeeka, kafa, na hakuniletea hata salamu. Nimeishi na hilo, nikalizoea kama mtu anavyozoea jino bovu. Leo unakuja na karantini!

Basi sikuzisoma. Umefurahi? Niliona mwandiko tu nikafunika kopo.

Kama alikuwa nyuma ya ukuta ule, mwendo wa nusu saa kutoka kitandani kwangu, halafu hakuja, hilo ndilo baya zaidi. Afadhali lori. Lori huenda mbali.

Nirudishie kopo langu. Sitaki kujua.

Mkunga

*

13 Machi

Mama,

Kopo hili hapa, na vifungo vyako vimo. Chini ya vifungo nimeweka nakala za barua nne, kwa mwandiko wangu mkubwa. Hukutaka kujua, nami sikulazimishi. Ukitaka sindano utazikuta, usipotaka ziache.

Lakini kuna kosa langu ambalo lazima nikiri. Ile mipasuo haikuwa ya mtu asiye na subira. Utaona mwenyewe kwenye barua ya nne. Ilikuwa alama pekee kwenye karatasi ya kuonyesha ilikotoka, na mimi nimeiziba kwa ustadi wangu wote na kuosha madoa ya moshi. Nimetia aibu kazi yangu. Ningeacha zile mbili zilivyo, labda ningejua mapema na kukuambia kwa upole zaidi.

Fundi

[Nakala, barua ya nne]

Mama, usiogope karatasi kuchanika. Mlinzi wa lango huchana kila barua mara mbili kwa kisu, halafu huiweka kwenye sanduku la moshi wa salfa, ugonjwa usitoke nayo. Ipunge hewani kwanza ndipo uisome.

Unauliza nani alinilazimisha. Hakuna. Daktari alitupanga uani akasema kuna wagonjwa thelathini na mmoja na hakuna wa kuwafulia, na mgonjwa wa ndui asipobadilishiwa shuka kila siku anaoza akiwa hai. Akasema anayeingia hatoki mpaka ugonjwa uishe. Tulikuwa madobi wanne. Wenzangu walitazama chini. Siwalaumu, hata mimi nilitazama chini. Nikamwomba Mungu anionyeshe mtu mwingine. Nikasubiri. Hakunionyesha.

Sasa nisikilize vizuri. Mtaani wakijua niko huku watachoma godoro la mtoto na shule itamfukuza, kama walivyowafanyia watoto wa seremala. Waambie nimetoroka na mwanaume. Sema ni dereva, madereva hawana anwani. Nitukane, Mama, kwa sauti, mbele za watu, mpaka waamini. Kutukana unajua, usijifanye hujui.

[Nakala, barua ya sita]

Mama, kuna mzee muuza mkaa hapa, hamalizi wiki. Si wa dini yetu. Mkubwa wa dini yake anaogopa kufika hata langoni, na wa kwetu naye vilevile. Nenda kwa jirani fundi viatu, muulize maneno wanayomsomea mtu wao akiwa anakata roho. Niandikie kwa herufi kubwa, neno kwa neno, nisikosee. Nitamsomea mimi. Kama ni dhambi nitaijibu mwenyewe, lakini mtu asitoke duniani bila kusikia maneno ya kwao.

[Nakala, barua ya nane]

Mama, asante kwa kumleta. Ile rangi ya njano ilikuwa wazo zuri, namwona toka huku juu ya paa hata wakipita watu mia. Amerefuka. Lakini Jumapili alikuwa analia, na anasimama kwa mguu mmoja mmoja. Viatu vinambana. Uza pasi yangu umnunulie vingine. Nilimpungia kwa shuka. Aliona?

[Nakala, barua ya tisa, mwandiko mwingine]

Mama, mimi ni mlinzi wa lango. Binti yako amepumzika Jumanne alfajiri. Aliugua siku tisa. Kumi na wawili wameshatoka wazima kwa mikono yake. Tumemzika uani, jiwe namba kumi na moja. Yale maneno ya fundi viatu alimsomea mzee mpaka mwisho, mimi nilisikia dirishani. Barua hii nimeifukiza kidogo tu, karatasi isiharibike.

*

6 Aprili

Mwanangu Fundi,

Kwa siku kumi na nane kifungo cha gauni langu kilining'inia, sikutaka kufungua kopo. Siku ya kumi na tisa kikaanguka. Nikafungua.

Nililia mpaka jirani akaja kuuliza nani amekufa. Nikamwambia mama yangu. Akasema, "Jamani, pole! Lini?" Nikamwambia miaka sabini na miwili iliyopita. Akanishika paji la uso kuona kama nina homa.

Viatu, Fundi. Alijua vinanibana. Toka juu ya paa, katikati ya mashuka ya watu wenye ndui, aliona nasimama kwa mguu mmoja mmoja. Na vilikuja vingine! Vyekundu, vilinikaa vizuri mno, nikadhani bibi amelainika moyo. Kumbe nilivaa pasi ya mama yangu.

Anauliza kama nililiona shuka. Nimekaa kitandani naumiza kichwa nikumbuke. Mashuka nakumbuka, yalikuwa mengi na yote yalicheza kwa upepo. La kwake lilikuwa lipi, sijui. Hilo ndilo linalonikata maini.

Halafu nafikiria bibi. Alimtukana mwanawe wa pekee kwa miaka thelathini, sokoni na kisimani, na akirudi nyumbani anafunga mlango. Hata ndui ilipokwisha hakuacha. Labda aliona nimeshaolewa na uongo ule, akaogopa kunivunjia nyumba. Labda ulimi ulishazoea. Gundi ya bibi haikuwa ya aina yako, ilishika moja kwa moja. Nami nilimsaidia. Nilipokuwa na miaka kumi na sita nilimwambia bibi mbele ya wageni, "Usimtaje yule malaya." Alitoka nje. Nilidhani amekwenda kucheka.

Kwa miaka arobaini na mmoja nimewaambia wanawake chumbani, mficha uchi hazai, sema ukweli nikusaidie. Na mwenyewe nimefunika kopo.

Basi, leo nimepiga moyo konde, nimekwenda ofisi ya makaburi nikajaza fomu. Penye "uhusiano na marehemu" nimeandika MTOTO, herufi kubwa, karani akaniambia bibi usitoboe karatasi. Anataka barua zenyewe, hataki nakala. Zipeleke wewe unayejua kuzishika.

Na zile mbili ulizoziziba, nataka zifunguliwe. Ikiwezekana.

Mkunga

*

17 Aprili

Shikamoo Mama,

Nilizipeleka siku ileile barua yako iliponifikia. Karani akazipanga zote tisa mezani, akaziangalia kwa kioo cha kukuzia. Akasema, "Saba zina mipasuo na moshi. Hizi mbili ni safi, na mojawapo ndiyo yenye jina na sahihi ya dobi. Nitajuaje kwamba hamkuzichanganya? Kuna watu wanadai makaburi ili walipwe fidia ya kiwanja." Akaliweka faili pembeni. Ubingwa wangu ndio uliokuwa unamtupa mama yako shimoni.

Nikarudi kwa mkuu wangu nikamwambia ile kazi aliyoipitishia kidole nataka kuiharibu. Kisha akasema, "Sheria ya kwanza ya kazi hii ni ipi?" Nikasema, usifanye kitu usichoweza kukitengua. Akasema, "Kitengue basi."

Nilimwomba karani aje chumba cha chini ashuhudie. Alikuja na sandwichi yake. Gundi ya wanga hulegea kwa maji, lakini karatasi ya miaka sabini na miwili nayo hulegea, na ukikosea kidogo unabaki na uji. Saa nne nzima, kwa brashi yenye nywele chache kuliko za kichwa changu, na Mama, sina nywele nyingi. Sandwichi haikuliwa. Kiraka kilipotoka, mpasuo ukafunguka, na kingo zake kwa ndani zilikuwa bado za manjano. Huko sikuwa nimefika nilipoosha. Karani aliinama akanusa, akasema, "Kiberiti." Akagonga muhuri palepale juu ya meza yangu.

Jiwe namba kumi na moja ni lako. Wanahamisha tarehe 28, kwenda makaburi ya mji.

Fundi Gundi

*

3 Mei

Mwanangu,

Nilitaka uwepo, lakini umesema mafua. Haya, ndugu wa karatasi, nakusimulia.

Kabla ya siku yenyewe nilikuwa na kazi moja. Uongo ulitangazwa mtaani, ukweli nao hauwezi kupita uchochoroni. Nikaenda kisimani, siku hizi ni bomba, nikaenda sokoni, nikaenda kanisani, nikasema palepale bibi aliposema, kwa sauti ya bibi. Vijana walidhani nimechanganyikiwa. Kisha nikaenda kwa yule wa pii-pii. Sasa ni babu, anatembea kwa fimbo, hana jino la mbele. Nikamweleza yote mlangoni. Akauliza, "Mazishi saa ngapi?" Alikuja. Alikuwa wa kwanza kushika koleo, na ilibidi tumnyang'anye.

Sanduku lilikuwa jepesi. Nimebeba watoto wa siku moja wazito kuliko lile. Nilibeba mwenyewe upande wa kichwa.

Jiwe namba kumi halikuwa na mtu wa kulidai. Sijui kama ndiye muuza mkaa, hakuna anayejua. Nikamuuliza karani kama mtu anaweza kudai wawili. Akasema fomu haina nafasi hiyo. Nikamtazama. Akachora mstari mwingine kwa rula. Kwa hiyo wako jirani, na nilisoma ya kwetu kwa mama, kisha nikasoma yale ya fundi viatu kwa yule mzee. Nilikwenda kuyaulizia kwa mjukuu wa fundi viatu, akaniandikia kwa herufi kubwa. Sikukosea hata neno.

Kwenye jiwe la mama wameandika jina lake lote, na chini yake DOBI. Mchongaji aliuliza kama sitaki kitu cha heshima zaidi. Nikamwambia aendelee na kazi.

Barua weka kwenye kabati la kioo, zote tisa, mipasuo ionekane. Ukiziziba tena nakuja huko chini na mkasi wa kitovu.

La mwisho. Siku ile sikuingia kwanza ndani ya ua. Niliwaacha wote langoni nikavuka barabara, nikasimama pale pale, mkabala na ukuta. Nilikuwa nimeshona gauni la njano. Mkwe wangu aliniambia mama, rangi hiyo si ya mazishi, wala si ya umri wako. Nikamwambia nyamaza. Juu ya paa hakuna mashuka siku hizi, kuna matangi ya maji tu. Nikasimama wima, nikainua uso, nikapunga mkono.

Viatu havikunibana. Nilitaka aone hilo.

Mtoto wa dobi